Mwendo wa Ndege Usiachiwe Mrija Peke Yake

Mkazi wa Galula, kwenye bonde ambalo Mto Songwe hulipita ukielekea Ziwa Rukwa, ana kila sababu ya kuamini kwamba barafu ni shida ya watu wa mbali. Jua la Rukwa halimpi mtu nafasi ya kuwaza theluji. Hata hivyo, juu ya bonde hilohilo, kwenye kimo cha meta 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa huwa imeshashuka hadi nyuzi sifuri, na kutoka hapo baridi huzidi kadiri unavyopanda. Ndege za pangaboi za aina ya ATR na Q400, ambazo wasafiri wa Mbeya, Vwawa na Tunduma wamezizoea kwenye safari ya karibu kilometa 700 kati ya Dar es Salaam na Kiwanja cha Ndege cha Songwe, hupita kwa kawaida kwenye kimo cha meta 6,000 hadi 7,600. Hilo ndilo tabaka ambamo matone ya maji yanaweza kuwa baridi chini ya nyuzi sifuri na bado yasigande, mpaka yaguse kitu. Kitu hicho ni bawa, ni pangaboi, ni kioo cha mbele, na ni mrija mdogo unaoiambia ndege inakwenda kasi gani. Mvua za Novemba hadi Aprili katika nyanda za juu kusini huinua mawingu marefu yanayopenya tabaka hilo lote. Kwa hiyo namna ndege inavyopima mwendo wake, na namna inavyojua kwamba barafu imeanza kuishika, ni mambo yanayomhusu abiria wa Songwe sawasawa na yanavyomhusu abiria wa Ulaya wakati wa baridi.

Kanuni ya mrija huo ni ya mwaka 1732, pale Mfaransa Henri Pitot alipoutumia kupima kasi ya maji ya mto Seine. Kwenye ndege, mdomo wa mrija huelekezwa mbele na hewa huingia kwa kishindo. Pembeni mwa ndege kuna matundu yanayosoma mgandamizo wa hewa tulivu ya pale ndege ilipo. Tofauti ya mgandamizo wa pande hizo mbili ndiyo inayogeuzwa kuwa mwendo. Mrija hauna kipande kinachozunguka, haudai umeme isipokuwa wa kuupasha moto, na fundi anaweza kuukagua kwa macho. Ndiyo maana umedumu. Tatizo ni namna unavyoharibika. Barafu ikiziba mdomo wa mbele huku kitundu cha kutolea maji kikiwa wazi, kipimo huporomoka kana kwamba ndege inasimama. Vyote viwili vikizibwa, hali huwa mbaya zaidi: hewa hufungiwa ndani na mgandamizo wake haubadiliki, ilhali hewa ya nje hupungua kadiri ndege inavyopanda. Tofauti hukua, na mshale huonyesha kwamba mwendo unaongezeka. Rubani anayeuamini huinua pua ya ndege apunguze mwendo. Ndege hupanda zaidi, mshale nao huzidi kupanda, huku mwendo halisi ukiisha. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya Northwest nchini Marekani iliangushwa na mtego huohuo. Vipasha moto vya mirija havikuwa vimewashwa, na wote watatu waliokuwamo walikufa.

Jibu la miaka mingi limekuwa kuongeza mirija. Ndege kubwa ya abiria huwa na mitatu: wa rubani mkuu, wa msaidizi wake, na wa akiba. Kompyuta hulinganisha vipimo vyake, na mrija unaopishana na mingine hutupwa nje. Kwa hitilafu ya kawaida mpango huu unatosha: kifaa kimoja kikichakaa, viwili vizima vitakisahihisha. Lakini barafu haichagui mrija mmoja. Mirija mitatu ya muundo mmoja ikipita kwenye wingu moja kwa dakika ileile, huziba kwa pamoja, na kuwa mitatu hakusaidii kitu. Ni sawa na kuita mashahidi watatu ambao wote walisimuliwa kisa na mtu mmoja. Msemo wa wengi wape una hekima yake barazani, ila katika vipimo vya ndege umeshaua. Tarehe 27 Novemba 2008, Airbus A320 ilianguka baharini karibu na Perpignan, Ufaransa, ikaua watu saba. Ndege hiyo ina vijibawa vitatu vya kupima pembe ambayo bawa linaikabili hewa. Maji yaliyoingia wakati wa kuiosha yaliganda angani, vijibawa viwili vikakwama kwenye pembe moja, na kompyuta ikakipuuza cha tatu kilichokuwa kizima kwa sababu kilikuwa peke yake. Hapo ndipo ninaposimama katika makala haya: usalama wa kipimo cha mwendo, na wa utambuzi wa barafu, unatokana na kuwa na aina tofauti za ushahidi. Idadi ya vifaa vya aina moja haiwezi kuziba pengo hilo.

Ajali ya Air France 447 huonyesha gharama ya pengo hilo, na pia huonyesha kwamba ushahidi mwingine ulikuwamo humohumo ndani ya ndege. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipita kwenye mawingu ya ukanda wa ikweta, ukanda uleule wa mvua unaopita juu ya Tanzania kila masika. Chembe za barafu zilijaa kwenye mirija kwa kasi kuliko vipasha moto vilivyoweza kuziyeyusha. Mwendo kwenye skrini ya kushoto ulianguka ghafla kutoka noti 275 hadi 60, yaani kutoka kama kilometa 509 kwa saa hadi 111. Mfumo wa kujiendesha ukajitoa, rubani akainua pua, na bawa likapoteza uwezo wa kuibeba ndege. Watu 228 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipimo vya uongo vilidumu chini ya dakika moja. Anguko lenyewe lilikuja baada ya hapo. Muda wote huo ndege ilijua uzito wake, nguvu ya injini zake, mwinuko wa pua yake, na kasi yake juu ya ardhi. Hakuna kati ya hivyo kilichohitaji mrija. Kilichokosekana ni kompyuta ya kuviunganisha na kumpa rubani namba moja ya kushika kwa dakika hiyo moja.

Hapa ndipo wengi huuliza: kama simu ya mkononi inaweza kuonyesha kasi kwa kutumia GPS, kwa nini ndege isifanye hivyo na mrija ukastaafu? Swali ni halali, na jibu liko kwenye upepo. GPS hupima kasi juu ya ardhi, ilhali bawa hubebwa na kasi ndani ya hewa. Ndege inayosukumwa kwa nyuma na upepo wa kilometa 80 kwa saa inaweza kuonyesha 300 kwenye GPS huku bawa likipata 220 tu. Karibu na kutua, tofauti hiyo inaua. Hata hivyo pingamizi hili lina mpaka wake, na mara nyingi hutajwa pasipo mpaka huo. Kabla mirija haijaziba, kompyuta ilikuwa inajua mwendo hewani na kasi juu ya ardhi kwa pamoja, kwa hiyo ilikuwa inaujua upepo. Upepo wa eneo moja kwenye kimo kilekile haubadiliki kwa mamia ya kilometa ndani ya sekunde 50. Kompyuta ikiushikilia upepo wa mwisho na kuutoa kwenye kasi ya GPS, itapata mwendo wenye kosa dogo, tena kosa linalokua polepole. Ndani ya dhoruba kosa litaongezeka, lakini kati ya namba inayokosea kwa kilometa 30 na ile iliyoporomoka kwa karibu 400, rubani hahitaji kuambiwa achague ipi. Na kama mawimbi ya GPS yatavurugwa, jambo linalozidi kutokea karibu na maeneo ya vita, vipima mjongeo vilivyomo ndani ya ndege, ambavyo havitegemei ishara yoyote ya nje, vinaweza kushikilia hesabu kwa muda mfupi unaohitajika.

Njia ya pili ni kuliuliza bawa lenyewe. Kwa uzito fulani na pembe fulani dhidi ya hewa, bawa hubeba ndege kwa mwendo mmoja tu. Ukijua uzito, pembe na mjongeo wa ndege juu-chini, unaukokotoa mwendo bila mrija. Airbus ilitengeneza skeli ya akiba inayotumia pembe hiyo, ingawa haikukusudiwa kutumika juu ya futi 25,000. Boeing 787, aina ambayo Air Tanzania inayo, huweza kumwonyesha rubani mwendo uliokokotolewa kutokana na pembe ya bawa pale vipimo vya hewa visipoaminika. Huu ni ushahidi wa aina nyingine kweli, na hauongezi uzito mkubwa kwa sababu vijibawa tayari vipo. Lakini Afrika Mashariki ina sababu chungu ya kutoupokea bila masharti. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi na kuanguka karibu na Bishoftu baada ya dakika sita. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Mara baada ya kuruka, kipimo cha pembe cha kushoto kilisoma nyuzi 74.5 wakati cha kulia kilikuwa kwenye 15.3. Mfumo wa kushusha pua uliokuwa ukisikiliza kipimo kimoja uliamini kile kibovu. Pembe hiyo ya uongo iliharibu pia mwendo ulioonyeshwa upande wa kushoto, kwa kuwa kompyuta huitumia pembe kusahihisha vipimo vya mgandamizo. Anayesema pembe ya bawa ndiyo mwokozi ajibu kwanza Bishoftu na Perpignan. Jibu langu ni kwamba pembe isipewe uamuzi wa mwisho. Nyuzi 74 ni jambo lisilowezekana kwa ndege inayopanda salama, na kompyuta iliyokuwa ikiangalia mwinuko wa pua na mwelekeo wa safari ingeweza kulikataa papo hapo.

Leza ndiyo inayosifiwa zaidi, na nadhani inasifiwa kupita kiasi kwa mahitaji yetu. Mwanga hutumwa mbele ya ndege, hugonga vumbi au molekuli za hewa, na ule unaorudi huwa umebadilika kidogo kulingana na kasi. Hakuna tundu la kuziba, na kipimo huchukuliwa mbali na mwili wa ndege. Viwanda vya Ulaya na Marekani vimeshaijaribu angani. Vikwazo ni viwili. Leza ya infraredi hutegemea vumbi na chembechembe, na kwenye kimo cha jeti hewa inaweza kuwa safi mno kiasi cha kutorudisha mwanga wa kutosha. Leza ya urujuanimno hutumia molekuli zenyewe, lakini hudai nguvu zaidi, kioo kinachobaki safi, na bei ambayo mwenye Cessna Caravan mbili za kwenda mbugani hawezi kuibeba. Vipima sauti, vinavyolinganisha muda wa sauti kwenda na kurudi dhidi ya upepo, vinafanya kazi nzuri kwenye vituo vya hali ya hewa na kwenye mwendo mdogo, ila kelele na barafu huvisumbua kwenye ndege ya abiria. Leza itafika siku moja kwenye ndege kubwa. Abiria wa Songwe hana haja ya kuisubiri, kwa sababu hesabu nilizozieleza juu hutumia vifaa ambavyo ndege nyingi tayari zinavyo.

Upande wa barafu tatizo ni lilelile kwa sura nyingine. Kitambuzi kilichoenea zaidi ni kijiti kifupi kinachotetemeshwa mara 40,000 kwa sekunde. Barafu ikikishika, uzito wake hupunguza mtetemo. Baada ya utando wa nusu milimeta hivi, taa huwaka kwa rubani, kijiti hujipasha moto na kuyeyusha, kisha huanza upya. Ni kifaa kizuri, na kasi ya mizunguko hiyo humwambia mtaalamu ukali wa barafu. Lakini kijiti hujibu swali moja tu: je, barafu imenishika mimi? Bawa haliko pale kijiti kilipo. Tarehe 31 Oktoba 1994, ATR 72 ya American Eagle ilianguka Roselawn, Indiana, ikaua watu 68, baada ya matone makubwa ya maji baridi kuganda nyuma ya mipira ya kuvunjia barafu, mahali ambapo mipira haikufika. Swali ambalo rubani analihitaji zaidi ni kama ndege yake bado inaruka inavyopaswa. Watengenezaji wa ATR walilijibu kwa njia ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya busara kuliko zote: mfumo unaolinganisha uwezo halisi wa ndege na ule unaotarajiwa kwa uzito na nguvu hiyo ya injini. Barafu ikianza kuikokota, mfumo huonya kwa hatua tatu: mwendo wa safari umepungua, kisha uwezo wa ndege umeshuka, na mwisho, ongeza mwendo. Ulinganisho huo wenyewe hauhitaji kijiti. Ndege nzima imefanywa kitambuzi. Mradi wa Ulaya wa SENS4ICE ulichukua mkondo huo mwaka 2023, ukarusha ATR 42 ya utafiti huko Ufaransa na Embraer Phenom 300 huko Marekani, zikijaribu vihisi vya moja kwa moja pamoja na hesabu ya uwezo wa ndege.

Njia hii ina udhaifu ambao watetezi wake huupita haraka. Hesabu ya uwezo wa ndege huhitaji mwendo, na mwendo hutoka kwenye mrija. Barafu ileile inayolemea bawa ikiziba mrija, mfumo utakuwa unapima kwa rula iliyopinda. Ndiyo maana siwezi kutenganisha mambo haya mawili. Mwendo uliokokotolewa kwa GPS, upepo wa mwisho na pembe ya bawa ndio unaoufanya utambuzi wa barafu kwa njia ya hesabu usimame kwa miguu yake. Zipo pia chembe za barafu iliyokwisha kuganda, ambazo hazishiki bawa na wala rada ya ndege haizioni vizuri, lakini huziba matundu. Tarehe 24 Julai 2014, MD-83 ya Swiftair iliyokuwa ikisafirishia Air Algérie abiria kutoka Ouagadougou ilianguka Mali ikiwa na watu 116. Wachunguzi waliona kwamba kilichoziba, huenda kwa chembe hizo, ni vipimo vya mgandamizo kwenye pua za injini. Mtambo uliamini kwamba injini zina nguvu kuliko zilizokuwa nayo, mwendo ukapungua taratibu, na bawa likashindwa. Ilikuwa Julai, karibu na Sahara. Atakayesema barafu si shida ya Afrika aanze na kisa hicho.

Pingamizi zito zaidi halihusu vifaa. Ni kwamba rubani aliyeelemewa hahitaji namba nyingine ya kumchanganya. Ajali ya Vinhedo, Brazil, ya tarehe 9 Agosti 2024, iliyoua watu 62 ndani ya ATR 72-500, hulipa nguvu pingamizi hilo: kwa mujibu wa ripoti ya awali ya wachunguzi, zile hatua tatu za onyo zilijitokeza kwa mfuatano kabla ndege haijapoteza udhibiti. Ushahidi ulikuwapo na ndege ikaanguka. Nalikubali hilo lote, lakini linadai tuwafundishe watu kuutumia ushahidi, halidai tuwanyime. Kwa miaka mingi vitabu vya ndege vimekuwa na jedwali rahisi: pua kwa nyuzi kadhaa, injini kwa nguvu kadhaa, na ndege itabaki salama hata vipimo vyote vya mwendo vikidanganya. Kwenye Airbus ya aina iliyotumika katika safari ya Air France 447, juu ya futi 10,000, ni nyuzi tano na nguvu ya kupanda. Jedwali hilo ni ushahidi mbadala wa bei nafuu kuliko wote, na hushindwa pale tu ambapo rubani hajawahi kulifanyia mazoezi ya kutosha ndani ya kifaa cha kuigiza urukaji.

Watasema pia kwamba ajali za mirija ni chache mno ukilinganisha na mamilioni ya safari. Ni chache kweli, na mrija unastahili kubaki. Lakini hapa kwetu una adui wa pili asiyehitaji baridi. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaua watu 189. Ilikuwa imekaa chini kwa siku kadhaa bila vifuniko vya mirija, na wachunguzi walishuku kwamba nyigu wa udongo walijenga ndani ya mrija wa rubani mkuu. Huko Brisbane, Australia, Novemba 2013, Airbus A330 ililazimika kurudi kiwanjani kwa sababu ya nyigu, baada ya kukaa ardhini kama saa mbili tu. Nyigu wanaojenga vijumba vya udongo kwenye kuta na matundu tunawaona kila siku, Galula hadi Tunduma, na hawatofautishi tundu la ukuta na tundu la ndege.

Kwa hiyo mambo ya kudai yako wazi, na hakuna hata moja linalosubiri leza. Mamlaka ya Usafiri wa Anga na waendesha viwanja wahakikishe kila ndege inayolala Songwe, au inayosimama kwa saa chache msimu wa nyigu, inafunikwa mirija yake kwa vifuniko vyenye utepe mwekundu, na vifuniko hivyo vinahesabiwa kabla ya kuondoka. Mashirika yetu yawape marubani mazoezi ya kurusha ndege kwa jedwali la pua na nguvu, tena ndani ya mawingu na kwenye kimo cha juu, badala ya kuyabana kwenye dakika chache za mtihani wa mwaka. Na yeyote anayesaini mkataba wa kununua au kukodi ATR kwa safari za nyanda za juu kusini aulize kwanza kama mfumo wa kulinganisha uwezo wa ndege umefungwa na unafanya kazi, na jibu liandikwe ndani ya mkataba.